Jina Moja kwa Simiti Mbichi

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na sita, kanisa letu la Mtakatifu Ana, njia ya kwenda Masara, lilikuwa limebakisha kulala na kuamka tu lisherehekee miaka sitini, na askofu mwenyewe alikuwa anakuja. Kwaya ilikuwa imeimba mpaka sauti zikakwaruza. Sisi tulikuwa kwa gogo letu mbele ya kibanda cha kahawa cha Noordin, ng'ambo tu ya mlango wa kanisa: mimi, wanayeniita Ameni kwa sababu mdomo wangu hauchelewi kuitikia, Boaz, tunayemwita Historia, na Nchagwa, yaani Redio, maana hazimiki. Pale mlangoni fundi Mochama alikuwa amemwaga simiti ya kizingiti kipya. Padre alituachia kazi moja: tukubaliane ni nani alijenga kanisa la kwanza, fundi amwandike kwa msumari kabla simiti haijashika. Jina moja tu, kwa sababu nafasi ni ndogo. Nami nilikuwa nimeshamwambia shangazi yangu kwamba litakuwa la babu. Mungu anisamehe, nilimwahidi hata kabla kikao hakijaanza.

— Wazee, fanyeni haraka, Mochama akaita. Jua ni kali, hii kitu inakauka!

— Andika jina la babu yangu, Boaz akasema. Shamba lilikuwa lake. Ng'ombe wake ndiye alichagua hapo. Alilala chini akakataa kuamka.

— Ng'ombe mgonjwa huyo, Redio akasema.

— Mgonjwa wapi? Alipiga magoti kwanza, omera, ndugu yangu! Miguu ya mbele, halafu ya nyuma, akaangalia mashariki.

— Wacha wewe! Redio akasema. Babu yangu alitoa mabati Kisumu mpaka hapa, kwa miguu, ameyabeba kichwani.

— Yote?

— Yote! Akifika kwa mto anayalaza juu ya maji, anapanda, anavuka.

— Mabati yaelee?

— Wakati huo mabati yalikuwa mepesi, jamani.

Noordin akatujazia vikombe akicheka. Yeye huswali msikitini kule mjini, lakini sherehe hii ilikuwa imemshika kama sisi.

— Mashallah, akasema. Nikingoja kidogo nitasikia hata Nabii Nuhu alikunywa kahawa kwa hili gogo.

Ningenyamaza hapo ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini mimi nikisikia mwingine anashinda, mdomo hunitangulia.

— Babu yangu alikuwa katekista, nikasema. Siku ya kuezeka mvua ilikuja nyeusi kutoka ziwani. Alisimama akaimba sala ya Nasadiki yote kwa Kilatini. Mvua ikasimama.

— Ikasimama wapi? Redio akauliza.

— Hapo hapo juu. Ikangoja mpaka msumari wa mwisho. Na viboko waliokuwa njiani wakarudi majini.

— Viboko walitoka wapi sasa?

— Walikuja kusikia Kilatini! Noordin akasema, na tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hapo ndipo Kemuma alipofika. Ni mke wa fundi, walikuwa wamekuja kutoka Kisii kwa hiyo kazi tu, na alikuwa ametoka mtoni na ndoo ya maji kichwani. Akaitua, akajipangusa uso.

— Wazee, samahani. Hilo kanisa la kwanza lilikuwa la mawe?

— La udongo, shemeji, Boaz akamjibu. Udongo na fito.

— Na huku kwenu wanaume hukandika nyumba?

Tukaangua kicheko.

— Mwanaume akandike! Hiyo ni kazi ya akina mama.

— Basi waliokandika ni akina nani?

— Nyanya zetu. Nyanya yangu Nyar Kadem alikuwepo.

— Si hiyo ni kusema binti wa Kadem? Hapo ni kwao. Yeye mwenyewe aliitwa nani?

Boaz akahesabu ukoo wake kwa vidole mpaka vikamwishia.

— Na wako? Kemuma akamwuliza Redio.

— Sisi tulimwita Mama Marwa.

— Marwa ni mtoto wake. Yeye je?

Akanigeukia mimi. Nyanya yangu ni Nyar Karungu. Kila mwezi wa Novemba natoa nia ya Misa kwa ajili yake kwa jina hilo, kama kwamba Mungu atauliza Karungu nzima ni nani kati yao. Nikaona haya.

— Simiti inashika! Mochama akapiga kelele.

Nilivyoamka sikumbuki. Boaz alishika njia ya chini, Redio akachukua baiskeli, mimi nikakimbia mpaka kwa shangazi. Alikuwa anapepeta njugu.

— Shangazi, Nyar Karungu aliitwa nani?

— Mama yangu? Wamtakia nini leo?

— Tumwandike kanisani.

Ungo ukasimama mkononi.

— Babu yako je?

— Nyanya kwanza.

— Perpetua Achola, akasema, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Alikandika ukuta wa madhabahuni, mimi nikiwa mgongoni.

Nikarudi mbio nikilisema jina hilo hatua kwa hatua, kama rozari, na shangazi nyuma yangu. Tulifika pamoja, sote tunahema.

— Perpetua Achola!

— Dorsila Akeyo!

— Boke! Andika Boke, ni fupi!

— Wangu alikandika madhabahuni!

— Wangu alianza mlangoni!

Mochama akainama, akakwaruza kwa msumari. Ukatoka unga mweupe tu. Ilikuwa imeshika.

Boaz akajaribu kwa ukucha. Nilihisi machozi.

— Nusu mfuko wa simiti imebaki, Kemuma akasema. Tunaweza kumwaga ngazi ya chini. Ni pana, majina yote matatu yataingia na mengine. Lakini maji niliyoleta tumeshayatumia, na mimi huo mlima wa mtoni nimeupanda tangu asubuhi.

Tukaangaliana. Noordin akaleta mitungi yake miwili bila kuulizwa. Mimi nikachukua ndoo. Wanakwaya walipotuona tunaelekea mtoni, walipiga vigelegele mpaka padre akatoka kuangalia.

— Ameni, Boaz akaninong'oneza, ngata inasokotwa vipi?

— Sijui.

— Redio?

Kwa mara ya kwanza Redio hakuwa na habari.

Shangazi akafungua leso yake ya juu, akaisokota, akaniwekea kichwani kwa mkono wake.

— Shuka, akasema. Achola alishukia hapo hapo.