Namba Iliyogoma Mara ya Saba

Mungu amsamehe Bwana Kufuli, mtunza ukumbi, kwa kosa la majivuno. Angeweza kufunga stoo kwa kufuli la ufunguo kama watu wengine. Yeye akanunua la namba sita, akaweka 142857, na kila Ijumaa akawa anaizidisha ili wezi wasiizoee: mara mbili, mara tatu, mpaka mara sita. Ijumaa iliyopita alikuwa hoi kwa homa, akamtuma mkewe: "Kaizidishe kwa saba." Leo ni harusi ya mpwa wake. Viti vyote viko stoo, mkewe yuko njiani na wageni, simu haipatikani. Naye kaja kujitupa kijiweni, kufuli limemshinda, kahawa inampoa mkononi.

— Namba ile naijua kama kiganja changu, alijitetea. Kwa mbili, 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile, foleni ileile, anayebadilika ni wa mbele tu. Kama sisi kwenye benchi hili: Kinyozi akinyanyuka tunasogea, akirudi anakaa mwisho.

— Sasa si ufungue? alisema Kinyozi.

— Nimejaribu foleni zote sita. Limeninunia.

— Basi shemeji kakosea hesabu.

— Mke wangu? Yule hakosei hata chumvi!

— Ni joto hilo, Fundi Redio akadakia. Chuma kikipata joto kinavimba, nne inageuka tano.

— Acha fiksi, wewe!

— Unajua nini zaidi ya visogo? Namba nayo inachoka. Wiki zote hizo kaizungusha kama feni, imeunguza koili.

— Mie naona imehama, alisema Kinyozi. Imezidishwa mpaka imeruka ukuta. Kaulizeni kwa jirani.

Bwana Kufuli hakucheka. Akilini alikuwa anawaona wageni wamesimama wima ukumbi mzima, na dada yake akimtazama tu.

Mara bibi harusi mwenyewe akatokea, rola kichwani, ndala miguuni; habari ya kufuli ilishamfikia.

— Shikamoo, mjomba. Mara saba ni ngapi?

— Marahaba, mwanangu. Inarudi mwanzo.

— Umeizidisha?

Kinyozi akaokota kijiti, akaanza kuchora mchangani.

— Saba mara saba, arobaini na tisa. Tisa chini, nne juu. Tano mara saba, thelathini na tano, jumlisha nne, thelathini na tisa. Tisa chini...

— Tisa tena?

— Tisa. Na hii tisa. He! Tisa mpaka mwisho!

Bwana Kufuli alishatimua mbio. Punde viti vikaanza kutoka stoo, naye akarudi anafuta jasho, kifua mbele.

— Si niliwaambia namba ile ni ya ajabu?

— Na Ijumaa ijayo, mara nane? bibi harusi akauliza.

Kinyozi akazidisha. Zikatoka tarakimu saba. Wote wakalitazama lile kufuli la namba sita mkononi mwa mwenyewe. Fundi Redio akajifanya anatafuta kahawa kwenye kikombe kitupu.

— Mjomba, nakuomba, nunua la ufunguo.