Mapengo ya Mzee Wetu

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Programu, Mama yetu, mke wa mzee tunayemuaga, uliyekuja na wanao, wageni waalikwa, nanyi wenzangu wa ofisini, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni karani wa kitengo, mdogo kuliko wote, na nikikosea kusoma mnivumilie.

Tunamuaga mzee tuliyemwita Mzee Mapengo. Mgeni atauliza, kwani meno yamemwisha? La, meno anayo. Jina alilipata kwa namna alivyoiandika programu yetu ya kupanga zamu za wauguzi. Kila mstari aliuacha mbali na mwenzake, na juu ya kila fungu akaweka maelezo kwa maneno ya kawaida: hapa tunawahesabu wa usiku, hapa tunawapumzisha. Dada Sindano wa meza ya pili, yeye huibana mistari kama nguo za safari, wala haweki maelezo. Husema kazi safi haihitaji mkalimani. Mzee alikuwa akimjibu, "Mwanangu, wewe unaiandikia mashine. Mimi namwandikia mtu." Wakabishana hivyo miaka nenda miaka rudi. Nani kati yetu hakucheka?

Ndipo ofisi, kwa nia njema ya kumaliza ugomvi, ikaleta kijiprogramu tulichokiita Fagio. Kila ukihifadhi kazi, kinabana mistari ya wote sawasawa na kuyahamishia maelezo kwenye faili la pembeni. Tukapiga makofi. Haukupita muda, mzee akafuta fungu asilopaswa kuligusa, na wodi ya watoto ikajikuta haina muuguzi kwenye zamu, mpaka wale waliokesha wakakubali kubaki. Hakuna mtoto aliyedhurika, Mungu ashukuriwe. Lakini ilisemwa mzee amezembea, na barua ya kustaafu mapema ikaandikwa.

Asubuhi ya leo mzee aliniita, akaniomba niseme lile ambalo yeye hataliweza. Macho yake yanafifia, na yalianza kufifia zamani. Yale mapengo hayakuwa ukaidi wala urembo. Mistari ikikaribiana, kwake inakuwa ukungu mtupu. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningesema, mngeniondoa kwa huruma," alinijibu. "Sasa mmeniondoa kwa kosa. Sijui lipi lina nafuu."

Mnakiona kiti cha Dada Sindano kiko wazi. Naye aliambiwa leo. Yuko juu ofisini, amelizima Fagio bila ruhusa, anaiachanisha mistari mmoja mmoja na kuyarudisha maelezo ya mzee mahali pake. Alinituma nimwambie mzee asiondoke kabla hajaisoma, kisha akanigeuzia mgongo ili nisiuone uso wake.

Mheshimiwa Mkurugenzi, najua mimi si wa kukuomba jambo mbele za watu. Siombi mzee arudishwe kazini. Hilo yeye mwenyewe hataki. Naomba neno uzembe litolewe katika barua yake. Tena naomba, kabla Fagio halijawashwa, apande juu akaisome kazi yake kwa mwendo wake, hata tukichelewa kufunga ofisi.

Nyote mlionitegea sikio, asanteni sana. Mzee, shika bega langu. Ngazi ziko kushoto kwako.