Colman Furlong, Aliyeotesha Zabibu Kilmoran (1949–2023)

Colman Aidan Furlong, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Februari 1949 hapa Kilmoran, Kaunti ya Wexford, katika chumba kilekile alichofia. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Myles na Philomena Furlong. Kaka yake ni Ambrose, baba yangu mimi Emer ninayewasomea. Kwa hiyo marehemu alikuwa baba yangu mdogo, na ulimi ukiteleza nitamwita hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha shule ya ufundi Enniscorthy, akamaliza mwaka 1966. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Bibi Philomena akiulizwa mwanawe anaendeleaje na masomo, alijibu, “Anaendelea kutazama dirishani.” Uwanjani ndiko alikojulikana. Aliichezea timu ya kijiji hurling, mchezo wetu wa fimbo na mpira, na ile pua iliyopinda mliyoizoea aliipata kwenye fainali ya 1970, ambayo tulishindwa.

Mwaka 1975 alianza kuendesha lori la nyama, akivuka na feri kutoka Rosslare kwenda Ufaransa. Vuli ya 1977 lori lilimharibikia karibu na mto Loire, akahifadhiwa na familia moja ya wakulima wakati akisubiri kipuri. Bibi wa nyumba ile alimpeleka akauone mzabibu wa zamani kuliko wote shambani, wenye shina nene kama paja la mtu. Bibi hakujua Kiingereza, na baba mdogo alijua Kifaransa cha kuulizia barabara tu. Alinisimulia hivi: “Niliweka mkono juu ya shina lile, nikajikuta nimevua kofia. Hakuna aliyeniambia nivue. Nilivua tu, kama nimeingia kanisani.”

Tarehe 15 Septemba 1979 alifunga ndoa na Dympna Roche wa Bunclody, ambaye alimpata kwenye dansi baada ya kumkanyaga mguu mara mbili. Walijaliwa Nessa na Lorcan. Babu Myles alipofariki mwaka 1983, shamba liligawanywa: Ambrose akapata la chini, Colman la juu. Akaacha lori, akakamua ng’ombe hadi magoti yalipokataa. Mwaka 2005 ng’ombe waliondoka, na majira ya kuchipua yaliyofuata akalima ule mteremko unaotazama kusini, akapanda mizabibu.

Wapo mnaokumbuka mliyosema. Mossy Cullen, jirani yetu, alimuuliza mbele ya watu baada ya misa, “Mwaka kesho ni ndizi, Colman?”

“Nikipanda ndizi nitakuajiri wewe, Mossy. Kupanda juu unajua, na sura unayo.”

Dympna naye alimwambia, “Ukitaka kuwa kichaa, kuwa kichaa shambani. Matope usiniletee jikoni.” Kisha akavaa buti, akatoka kumshikia nguzo.

Ila kwa Ambrose halikuwa jambo la kucheka. Mteremko ule yeye na baba yao waliutoa mawe kwa mikono, kipupwe baada ya kipupwe. Na tangu kipaimara chake Ambrose amevaa kifuani beji ya wasioonja pombe, kwa sababu babu yao alikunywa mpaka akafa kwenye mtaro wa barabara. Alisimama getini akasema, “Baba alivunja mgongo hapa ili tule. Wewe unapanda kilichomuua babu.” Colman akamjibu, “Napanda mti, Ambrose.” Baada ya hapo hawakusemezana. Kanisani mmoja alikaa kushoto, mwingine kulia, nasi watoto tukajifunza kupita katikati.

Mvua ilinyesha kiangazi baada ya kiangazi. Ukungu ulikula majani, mizizi ikaoza kwenye maji, akang’oa nusu ya shamba na kupanda upya juu zaidi, mizabibu ya aina inayovumilia baridi. Mazao ya kwanza ya maana yaliliwa yote na ndege katika asubuhi moja. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo akiwatazama wakiondoka, weusi angani. Nikamuuliza, “Baba mdogo, huchoki?” Akasema, “Nachoka. Lakini umeona, Emer? Zilikuwa tamu kiasi cha kuibiwa.”

Mei 2017 machipukizi yalitoka mapema, kisha redio ikatangaza sakitu. Umande ukiganda juu ya chipukizi changa, mwaka umekwisha. Alfajiri baba mdogo na Dympna walikuwa wakiwasha mioto midogo kati ya mistari, wawili tu, na isingetosha. Ndipo waliposikia trekta. Baba yangu alikuwa akipanda kilima na trela limejaa marobota ya majani makavu, nami nimekaa juu yake, kwa sababu alikuwa amegonga mlango wangu na kusema neno moja tu: “Vaa.” Alizima injini, akamtazama mdogo wake.

“Hewa ya baridi inashukia wapi?”

“Pale chini, kwenye ukuta,” alisema Colman.

“Basi tuanzie hapo.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao ya kwanza tangu 2006. Tuliloweka majani ili yatoe moshi mwingi, tukayachoma, moshi ukalala juu ya mizabibu kama shuka. Jua lilipochomoza, chini ya ukuta kila kitu kilikuwa cheupe, nyasi zikivunjika chini ya buti. Ndani ya moshi machipukizi yalikuwa mabichi, yanadondoka maji. Sijui kama moshi ndio ulioyaokoa. Najua wazee wawili walisimama pale wamejaa masizi.

Oktoba ile kijiji kizima kilikuja kuchuma, Mossy akiwa wa kwanza. Divai ilipokuwa tayari, Ambrose alipewa glasi. Hakuonja, na hajaonja hadi leo. Aliinusa muda mrefu, akairudisha. “Inanukia shamba la juu baada ya mvua,” alisema. Baba mdogo alitoka nje, akakawia kurudi.

Machi 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa uvumilivu, akitunzwa na Dympna na Nessa. Mavuno ya mwaka huu aliyatazama kutoka kwenye kiti, amefunikwa blanketi. Siku za mwisho alimwita kaka yake, akampa mkasi wa kupogolea.

“Mimi sijui kazi hii,” alisema Ambrose.

“Acha macho mawili ya kuchipua kwenye kila tawi, mengine kata.”

“Nikikosea?”

“Utakosea. Mzabibu husamehe kuliko sisi.”

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 19 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka 74, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Dympna, binti yake Nessa, wa Waterford, mwanawe Lorcan, aliyesafiri kutoka Perth na kumuwahi, wajukuu watatu, mimi mtoto wa kaka yake, na kaka yake huyo, Ambrose, mwenye umri wa miaka 79, ambaye jana asubuhi, kabla ya watu kuanza kuja kutoa pole, alipanda kilimani peke yake na kupogoa mstari wa kwanza.

Colman, udongo wa Kilmoran ukupokee taratibu, na Mungu akupumzishe.