Uso Haujatambuliwa

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na tundu la kitasa bado lipo. Ukikaa vibaya linakukumbusha. Mama Kahawa huweka birika lake upande wa kivuli, na wenye kijiwe hufika mmoja mmoja kama watu waliopangiwa zamu, ingawa mwenye kazi ya maana hapo ni Kinyozi, na hata yeye wateja humngoja. Siku hiyo Afande alifika wa mwisho, na hilo peke yake lilikuwa habari, maana tangu astaafu jeshi amebaki na ugonjwa wa kuwahi hata pale asipoalikwa. Alikaa bila kusalimia, akatoa simu aliyonunuliwa na bintiye, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso na kuikodolea macho.

— Afande, unajipiga picha au unaipa amri? aliuliza Kinyozi.

— Nathibitisha kwamba niko hai.

— Kwa nani?

— Ofisi ya pensheni. Zamani walitaka karatasi, uso wangu hawakuwa na haja nao. Sasa wanataka uso. Nimekwenda na uso, wananiambia mzee, rudi nyumbani, uso siku hizi unatumwa kwa simu.

Simu ikalia. Sauti ya dada mmoja mpole ikatangaza, mtaa mzima ukasikia: "Uso haujatambuliwa. Jaribu tena."

Afande alihisi masikio yanamchemka. Tangu juzi dada huyo anamwambia hayo hayo, na upole wake ndio uliomuudhi zaidi. Angemfokea, angejua la kujibu.

— Kisheria, alisema Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi wa kesi ya mbuzi, na jina likamganda. Uso wa binadamu hubadilika kila baada ya miaka saba. Huo walio nao ofisini umekwisha muda.

— Uongo, alisema Kinyozi. Tatizo ni ndevu.

— Si ulimnyoa jana? alidakia Mama Kahawa.

— Basi tatizo ni kunyolewa.

— Mnahangaika bure, Mama Kahawa akasema. Mashine inataka mtu acheke. Afande, hebu cheka kidogo.

— Sicheki kwa amri.

— Umeona? Sasa wao watajuaje kama huyu ni mtu au sanamu?

Wakili akainua kikombe kuomba nafasi.

— Sanamu! Hapo hapo. Picha ya huyu bwana si iko makumbusho? Makumbusho ni ya serikali. Pensheni ni ya serikali. Kompyuta ni moja. Sasa kompyuta inajiuliza: huyu tulishamfungia kwenye kioo pamoja na mizinga iliyoota kutu, anayedai pensheni huko nje ni nani?

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi alimpiga Afande begani.

— Kumbe ndiyo maana kila Alhamisi haonekani hapa! Anakwenda kujikagua kama bado yupo. Mjukuu wake kamwonyesha picha hiyo siku moja tu, basi, mzee kapenda!

Afande naye akacheka, kwa mdomo tu. Ni kweli Alhamisi huwa yuko makumbusho. Lakini haendi kujitazama.

Picha ile ina vijana wawili wamekaa juu ya sanduku la risasi, wanapokezana kikombe kimoja cha bati. Wa kushoto ni yeye. Alijijua kwa masikio. Siku ya kwanza alimwita mama msimamizi wa pale, akamwambia kwa fahari kwamba huyu ni mimi. Mama akafurahi, akampa mkono, akaandika jina lake lote. Kisha akauliza, na huyu wa kulia?

— Kiberiti, alisema Afande.

— Hilo si jina, mzee. Jina lake hasa.

Hapo ndipo alipokwama. Walikula sahani moja na Kiberiti, walilala shimo moja, na Kiberiti alizikwa huko huko mbali, vitani. Jina lake hakuwahi kumuuliza. Alimwambia yule mama kwamba atalikumbuka. Ulikuwa uongo: mtu hukumbuka alichowahi kukijua. Tangu hapo kila Alhamisi anasimama mbele ya kioo kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa, na aibu inamla. Ukutani, jina la Afande limeshabandikwa; linalofuata ni neno moja tu, "mwenzake".

— Shikamoo wazee wangu. Shikamoo mama.

Alikuwa binti mwenye kitambulisho shingoni, tableti mkononi na viatu vilivyojaa vumbi.

— Marahaba.

— Natoka ofisi ya pensheni. Wale ambao simu inawakataa tunawafuata wenyewe. Nimeelekezwa kuna mwanajeshi mstaafu hukaa hapa.

— Huyu hapa! walipaza sauti wote watatu.

— Mnamfahamu vizuri?

— Binti, alisema Kinyozi, mimi kichwa cha huyu nakijua kuliko anavyokijua mwenyewe.

— Mke wangu alipofariki, alisema Wakili, huyu alikuwa wa kwanza kushika jeneza. Andika kwamba yuko hai, andika na kwamba ni mbishi.

Binti akacheka, akafungua tableti.

— Basi uso hatuuhitaji. Majirani wawili wananitosha. Mzee, wewe naomba unyamaze kidogo. Haya, jina lake kamili?

Kinyozi akafungua mdomo.

— Afande, alisema.

— Hilo si jina, baba. Jina lake hasa.

Kinyozi akamtazama Wakili. Wakili akainamia tundu la kitasa kana kwamba jina limedondokea humo. Mama Kahawa akaanza kufuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu.

Afande alikuwa na haki ya kununa, ila hakuweza. Aliwatazama, akaijua aibu yao mara moja, akaona haya kwa niaba yao.

— Ndugu yangu, alisema Wakili kwa sauti ndogo, sauti ambayo kijiwe hakikuwahi kuisikia. Tusamehe. Lakini hebu niambie, wewe langu unalijua?

Afande alitafuta. Alikumbuka uzito wa lile jeneza, na bega la Wakili lililokuwa likitetemeka mbele yake.

— Silijui, alisema. Silijui lako, na la Kiberiti silijui.

— Kiberiti ni nani? aliuliza Kinyozi.

— Mwenzangu wa kwenye picha, alisema Afande. Binti alikuwa bado anasubiri jina, kidole juu ya kioo cha tableti, akimtazama mmoja baada ya mwingine.