Mansour Katolewa Raundi ya Sita

Mbele ya duka la Rasik, hatua chache kutoka stesheni ya Rayners Lane, pana benchi ambalo kahawa yake ni ya bure na umbea wake haulipiwi pia. Asubuhi hiyo Mzee Matar alikaa pale kama mtu aliyefumaniwa, kikombe mkono wa kushoto, kawaida yake. Alibeba magunia ya barua miaka thelathini na moja bila kukataa zamu ya ziada hata moja, ndiyo maana wakambandika jina Ovataimu. Wiki nzima alikuwa akijigamba: Mansour, mtoto wa nduguye aliyeko Amerika, ni mrushaji wa besiboli, tena ndiye anayeanza mechi. Jana watu wa benchi wakajibana wote kwenye simu yake kutazama. Mchezo wa raundi tisa, Mansour katolewa ya sita.

— Katolewa kama bibi harusi anayerudishwa kwao, alisema Ovataimu. Nimemtumia ujumbe wa sauti. Nimemwambia katuaibisha.

Rasik, mzaliwa wa Kisumu, husoma magazeti yote kabla hajayauza. Akaeleza kwamba zamani mrushaji alianza na kumaliza mwenyewe, na baada ya siku mbili tatu yumo uwanjani tena. Baadaye wakawekwa wanne wa kupokezana, kisha watano. Siku hizi kila mrusho unahesabiwa. Ukikaribia mia, kocha anakuja kukutoa.

Fortunat, anayesafisha maofisi Harrow na kujiita Profesa, hakukubali.

— Ni chakula, mzee. Wa zamani walikula nyama. Hawa wanakunywa maziwa ya shayiri.

— Chakula wapi, bwana, alisema Rasik. Ni yule mwenye kompyuta anayehesabu mirusho. Akiacha kuhesabu, atakosa kazi.

Profesa akadai mpira wenyewe siku hizi una chuma ndani, binamu yake wa Boston kaushika. Binamu huyo, kwa taarifa yako, anaishi Southall, hapo jirani tu.

— Mimi kazini hakuna aliyenitoa, alisema Ovataimu. Nilimaliza.

Hapo akafika Thérèse, mtunza wazee, katoka zamu, hajawahi kukaa benchi lile. Wakamsimulia yote, hadi ule ujumbe.

— Na mukono yake, Papa Matar? Inamuuma?

Rasik akatazama viatu vyake. Profesa akajifanya anatafuta sukari. Thérèse alikuwa akiutazama mkono wa kulia wa Ovataimu, uliolala pajani. Mkono ule haupandi kupita bega tangu enzi za magunia. Hata shati huvishwa na mkewe, Haifa. Benchi zima linajua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ovataimu akafungua simu. Ujumbe wa jana ulikuwa na alama mbili za buluu. Umeshasikilizwa.

Akashikilia kitufe cha kurekodi mwingine kwa dole gumba la kushoto.

— Mansour, mwanangu. Ni ami yako.

Halafu basi likapita, Rasik akakohoa, mzee akashusha pumzi. Dole lilipochoka likaachia, na ujumbe ukaenda hivyo hivyo.