Mama Kamera Analiaga Darasa la Pamoja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uuguzi chuoni kwetu, dada yetu tuliyezoea kumwita Mama Kamera atarudisha ufunguo wa chumba cha mazoezi na kwenda zake nyumbani. Tungependa kusema tumejiandaa. Hatujajiandaa.

Alikuja akiwa mkunga kijana aliyetolewa wodini, akapewa vitanda viwili, mdoli wa plastiki aliyekatika mkono na wanafunzi waliomwogopa. Kwa miaka mingi alifundisha kama sisi sote: wauguzi kwao, madaktari kwao, watu wa ustawi wa jamii kwao, na wa mazoezi ya viungo kule nyuma ya maegesho. Tulikutana kwenye foleni ya chai tu.

Kilichombadilisha ni masaibu ya kaka yake mkubwa, fundi seremala aliyevunjika mguu kazini. Daktari alimpasua vizuri. Muuguzi alimwelekeza namna ya kusafisha kidonda. Mtaalamu wa viungo alimpa magongo. Afisa ustawi alijua kwamba anaishi peke yake, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, lakini hakuna mwenzake aliyemuuliza. Kaka akaruhusiwa, akapanda ngazi kwa makalio, asishuke tena mpaka kidonda kilipoharibika. Mguu ukakatwa. Dada yetu alikuwa safarini akisimamia mitihani, na kila alipopiga simu aliambiwa, "Niko salama, mdogo wangu, we fanya kazi." Akaamini. Hilo halijamtoka moyoni hadi leo.

Aliporudi alibisha hodi kila ofisi, akitaka wanafunzi wa fani zote wamjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Ratiba ziligoma, kampasi ziko mbalimbali, na kila mkuu wa idara alitaka mwenzake asogee kwanza. Basi akaliweka darasa mtandaoni, kila Alhamisi mchana. Wanafunzi waliingia wakajificha nyuma ya skrini nyeusi. "Jamani, washeni kamera, mimi siongei na ukuta!" Jina likamganda hapo hapo. Ila naye kuna siku alifundisha kwa jazba kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Wanafunzi walimpungia mikono kumzindua, naye akawapungia kwa furaha, akaendelea.

Kaka yake alikubali kuwa mgonjwa wa darasa. Wakamuuliza kuhusu dawa, kidonda, maumivu. Kisha binti mmoja wa ustawi wa jamii akasema, "Samahani mjomba, wakati ule ulikuwa unaishi ghorofa ya ngapi?" Seremala akavua miwani. "Mwanangu," akamjibu, "laiti ungekuwepo siku ile." Kwa mara ya kwanza, Mama Kamera akazima kamera yake.

Waliopita kwake tunawatambua wodini. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, wanapigiana simu. Muuguzi mmoja alimpigia afisa ustawi aliyesoma naye kwenye darasa hilo, akaambiwa kwamba bibi aliyekuwa akimfungia virago hana tena kwa kwenda, maana chumba chake kilishapangishwa mtu mwingine. Bibi akabaki kitandani mpaka alipopatiwa pa kuishi.

Seremala alifariki mwaka jana. Alitamani kuona darasa lile likiingia kwenye mtaala na kupata walimu wake. Dada yake alitamani zaidi. Ombi limejadiliwa na kuahirishwa mara nyingi, na sasa anastaafu kabla ya kupata jibu. Muhula ujao darasa halimo kwenye ratiba. Tutaliombea nafasi tena, safari hii bila yeye wa kutangulia mlangoni, na hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kuandika hapa.

Alhamisi iliyopita alimaliza kipindi chake cha mwisho, akaaga. Hakuna mwanafunzi aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Walibaki wakitazamana, kamera zote zikiwaka.

Dada, asante kwa ukali wako, kwa vicheko na kwa kutotuacha tukae kila mtu na idara yake. Tunakuombea afya njema na mchana mrefu usio na kengele. Wanao wametapakaa wodini na mitaani, na wanajuana kwa majina. Ishi salama.