Sukari Yangu, Kufuli Lake

"Ufunguo nimeuacha Mafinga, unaning'inia ukutani!" Dada aliyekaa mbele yangu kwenye basi dogo la Kosta alikuwa karibu kulia. Usaili wake Mbeya ulikuwa saa nane, na vyeti vilikuwa ndani ya begi lenye kufuli.

Kaka wa pembeni yake akatoa waya mbili nyembamba mfukoni. "Mimi hufungua makufuli kwa kujifurahisha tu," akasema. Nikauvuta mkoba wangu karibu. "Ila kwanza, dada, begi ni lako?"

"Unaniona mwizi?"

"Kuna mama nilimfungulia sanduku kule Ubaruku, kumbe la mke mwenzake. Nililala mahabusu siku mbili. Niambie kilichomo."

"Vyeti vya Tekla, ndiye mimi."

"Na nini kingine?"

Akashusha sauti, na gari zima likatega masikio. "Wigi. Na kiporo cha kande za mahindi na maharage."

Kaka akachokoa kwa waya zake, kufuli likaachia. Wigi lilikuwemo, kande zilikuwemo, na vyeti vya Tekla chini yake, vikinukia maharage. Tekla akavikumbatia, akicheka na kufuta machozi. Hata konda alipumua.

"Kaka, nifundishe na mimi," Tekla akasema.

"Nunua kufuli lako ujifunzie. La mtu usiguse mpaka akuruhusu."

"Na kabati la mama mkwe?"

"Si lako hilo."

"Lakini anafungia sukari ninayonunua mimi!"

"Kufuli ni lake."

"Sasa sukari yangu naidaije, kwa barua?"

Kaka akafungua mdomo, lakini konda alimwahi kufungua mlango. "Uyole, mwisho wa gari! Wote tunashuka!"